Neno "shirokaki" kwenye trekta la mtumba kutoka Japani: lina maana gani hasa?

Kijana wa Shimanzi anauliza:

Waungwana, nawasalimu kutoka Shimanzi, Mombasa. Namsaidia ami yangu katika biashara ya matrekta madogo ya mtumba yanayoteremshwa katika bandari yetu kutoka Japani. Kazi yangu ni kuyaosha, kuyawasha, na kubandika vikaratasi vya Kiswahili juu ya maandishi ya Kijapani ili mnunuzi ajue kila mkono wa gia na kila kitufe kina kazi gani. Maneno ya kawaida nimekwisha kuyazoea: 入 ni kuwasha, 切 ni kuzima, 高 ni juu na 低 ni chini, na pale palipochorwa kobe na sungura hapahitaji mkalimani, kwani visa vya wawili hao kila mtu alivisikia kwa nyanya yake.

Wiki hii limenifikia trekta moja ambalo limenishinda. Pembeni mwa kiti, chini ya mkono wa gia, pana kibandiko cha manjano kilichogawanywa visanduku. Kisanduku cha kwanza kimeandikwa 耕うん, ambalo najua ni kulima. Cha pili kimeandikwa 代かき. Nilikipiga picha, simu ikanijibu "mbadala wa kukwaruza". Nikasogeza taa na kukipiga tena, safari hii ikasema "malipo ya chaza". Ami alicheka hata akaketi juu ya gurudumu. Baada ya kutafuta nimepata matamshi tu, nayo ni shirokaki.

Ninachojua ni kwamba trekta hili limewahi kufanya kazi katika shamba la mpunga, kwa sababu nilipokuwa nikiliosha nilikuta nyuma ya bamba la gurudumu kipande cha tope kavu la kijivu, kigumu kama kigae, na ndani yake mna kijipande cha bua la mpunga. Mnunuzi ni mkulima kutoka Vanga ambaye amekwisha kulipa arubuni na atakuja Jumamosi. Nisingependa kumbandikia neno la kubahatisha halafu akaharibu mashine kwa ajili yangu. Naomba kujua, kwanza, neno hili lina maana gani hasa, na pili, tulibandike kwa Kiswahili kipi.

Baharia Mstaafu, Likoni:

Mwanangu, mimi nilifanya kazi miaka mingi katika meli zilizokuwa zikitia nanga Yokohama na Kobe, na Kijapani cha sokoni hakinipigi chenga sana. Shiro ni weupe. Kaki ni chaza, nami nimewala si haba, wa kuchovya katika unga na kukaanga. Ukiyaunganisha utapata chaza mweupe, jambo ambalo kwenye trekta halina maana, kwa hiyo nashuku kuwa hilo ni jina la aina ya trekta tu na halihusiani na kazi yoyote. Magari nayo si huitwa majina ya ajabu? Liache lilivyo.

Mwalimu wa Lugha, Tudor:

Shikamoo mzee wangu Baharia. Masikio yako hayakukosea, kwa maana shiro ni weupe kweli na kaki ni chaza kweli. Yanayokataa ni maandishi. Kijapani kina maneno mengi yanayotamkwa kwa namna moja na kutofautishwa kwa herufi, na sisi hatuna haki ya kulishangaa jambo hilo, kwani mtu akitamka "paa" peke yake hatujui kama amemtaja mnyama wa porini, anasema habari za makuti ya juu ya nyumba, au anamwamuru ndege aondoke.

Weupe huandikwa 白. Kibandiko cha kijana wetu kina 代, ambayo ni herufi ya kazi nyingi. Ikisomwa dai huhusu zama, kama katika jidai, au malipo, kama katika daikin, yaani fedha anazotoa mnunuzi. Ikisomwa kawari huwa ni badala ya kitu, na hapo ndipo simu ilipochota "mbadala" na "malipo" wake. Lakini ikisomwa shiro ni neno la kale la wakulima, lenye maana ya ardhi ya mpunga iliyotengwa na kutayarishwa. Katika Japani ya zamani shiro ilikuwa hata kipimo cha eneo, yaani ukubwa wa ardhi unaotoa tita moja la mpunga uliovunwa, na shiro 50 zilikuwa tan moja, kipimo kikubwa zaidi cha ardhi. Kitalu cha kuoteshea miche ya mpunga mpaka leo huitwa nawashiro. Nje ya shamba, fundi cherehani wa Kijapani huita nuishiro ule upana wa kitambaa anaouacha kwa ajili ya mshono, na watoto wanaogundisha maumbo ya karatasi huita norishiro kile kijisehemu kinachoachwa kipakwe gundi. Nionavyo mimi, fikra inayopita katika maneno yote hayo ni mahali palipowekwa tayari kwa jambo litakalofuata.

Kaki, nayo, inatokana na kitenzi kaku, kinachoandikwa 掻く, yaani kukwangua au kuchakura kwa kitu chenye meno au kucha. Kuondoa theluji mlangoni ni yukikaki, kijiti cha kuchokolea masikio ni mimikaki, na ile ngozi iliyo baina ya vidole vya bata, ambayo humwezesha kuchakura maji, ni mizukaki. Waliotengeneza trekta wameiandika kaki kwa herufi za sauti peke yake, かき, bila ile herufi ya maana, na ndiyo sababu simu ilipotea njia ikaishia baharini kwa chaza.

Basi shirokaki, neno kwa neno, ni kuchakura jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga. Hata hivyo tafsiri hiyo haitamtosha mkulima wa Vanga, kwa sababu neno lenyewe lina maji ndani yake ingawa haliyataji. Mkulima wa Kijapani huanza kwa kulima ardhi ikiwa kavu, kazi iitwayo taokoshi, ambayo ukiipenda tafsiri ya kishairi utasema ni kuliamsha shamba. Kisha maji hufunguliwa yakaingia, udongo ukanywa ukashiba, ndipo shirokaki inapofuata: udongo huchakurwa na kupondwa ukiwa ndani ya maji mpaka uwe tope laini kama uji mzito, na uso wake husawazishwa. Tope huachwa litulie kwa siku chache, halafu huja taue, yaani kupandikiza miche. Wengi huifanya shirokaki zaidi ya mara moja, ya kwanza wakaiita arashiro, maana yake ile ya kijuujuu iliyo bado na mabonge, na ya mwisho ueshiro, ile ya kupandia.

Mzee Baharia, usijione umekosea peke yako, kwa sababu Wajapani wenyewe waliteleza palepale ulipoteleza wewe. Uko mlima mmoja uitwao Shirouma, wenye kimo cha mita 2,932, kwenye mpaka wa mikoa ya Nagano na Toyama. Kila majira ya kuchipua, theluji inapoanza kuyeyuka, miamba hujitokeza ubavuni mwa mlima kwa umbo la farasi, na wakulima wa bondeni walimwita shirokaki-uma, farasi wa shirokaki, kwa kuwa akionekana wao hujua kuwa wakati wa kuvuruga majaruba umefika. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba jina la mlima lilitokana na farasi huyo, kisha waandishi wakalisikia shiro wakaandika 白, weupe, na kijiji kilicho chini yake kikaisoma herufi hiyo kwa njia nyingine kikawa Hakuba, ambapo mwaka 1998 palifanyika mashindano ya kuruka kwa skii ya Olimpiki ya Nagano. Jina likawa Farasi Mweupe, na farasi mwenyewe, kwa vile ni mwamba uliotoka kwenye theluji, ni mweusi.

Baharia Mstaafu, Likoni:

Marahaba, Mwalimu. Nimeshindwa kwa heshima. Yokohama hatukuona farasi.

Binti Mwea, Bamburi:

Nimeolewa hapa pwani lakini nimezaliwa na kulelewa Mwea, kaunti ya Kirinyaga, katika ile skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa miaka ya 1950, ambako mchele wa pishori unatoka. Kazi anayoieleza Mwalimu sisi hatukuwahi kuisoma kitabuni, tulikanyaga ndani yake. Wakulima wanaotumia Kiswahili huiita kuvuruga, na vijana husema kupiga rotaveta, kwa jina la chombo chenyewe, kile chenye visu vinavyozunguka kinachofungwa nyuma ya trekta.

Naomba nieleze inavyokuwa, ili ndugu wa Shimanzi aone ni kwa nini wenye kiwanda waliipa kazi hii kisanduku chake badala ya kuihesabu kuwa ni kulima tu. Udongo wetu ni mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza mkono mpaka kiwikoni, na ukilowa hunata mguuni hata ukidhani kandambili zimekuwa za zege. Maji yakifunguliwa kutoka mferejini, hatuingii siku hiyo. Huachwa udongo unywe. Marehemu baba yangu alikuwa akikunja suruali, anaingia kwenye kona ya jaruba na kukanyaga bonge moja kwa kisigino. Bonge likimegeka katikati na ndani bado ni kavu, anarudi nyumbani. Likiyeyuka chini ya mguu bila kelele, anatuma mtu akamwite mwenye trekta.

Rotaveta ikipita, maji hugeuka rangi ya kahawa, yangeyange hushuka nyuma yake kuokota wadudu, na mabua ya msimu uliopita huzama pamoja na magugu. Baadaye huja ng'ombe wakiburura ubao wa kusawazishia. Hapo maji ndiyo hakimu, kwa sababu palipoinuka hubaki kama kisiwa na palipobonyea huwa kidimbwi, na huhitaji kifaa chochote kuviona. Mche utakaopandwa kisiwani utashindwa na magugu, na utakaopandwa kidimbwini utafunikwa na maji kabla haujashika mizizi.

Lakini faida kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Tope laini likitulia huziba zile nyufa na vitundu vya chini, maji yakakaa. Jaruba lisilovurugwa ni pakacha. Utafungulia maji usiku kucha na asubuhi utakuta jirani yako ndiye aliyemwagiliwa.

Fundi wa Changamwe:

Nimeyafungua matrekta mengi ya namna hii, na ningependa kusema habari za kibandiko chenyewe, maana naona tumezungumza sana juu ya neno tukaisahau gia.

Kibandiko cha namna hiyo ni ushauri wa mwendo. Kinamwambia dereva kwamba akifanya kazi fulani, mkono wa gia uwe hapa. Kulima ardhi kavu hutaka mwendo wa polepole ili visu vya rotaveta viukate udongo mgumu bila kuizidi injini nguvu. Shirokaki kwa kawaida huenda kwa mwendo wa kasi zaidi kidogo, kwa kuwa udongo umekwisha kulimwa na maji yameulainisha. Kwa hiyo mnunuzi akibandikiwa "kulima" kwenye visanduku vyote viwili, siku moja ataingia kwenye ardhi kavu na gia ya topeni, na hapo atasikia visu vikigonga chini na trekta likimrusha. Ndugu yangu umefanya vyema kuuliza kabla ya Jumamosi.

Mambo mawili zaidi umwonyeshe huyo bwana wa Vanga ana kwa ana. La kwanza ni ule mfuniko wa bati ulioko nyuma ya rotaveta: katika kuvuruga tope hugandamizwa chini, kwa sababu ndio unaolaza tope na kulisawazisha, ukiachwa unaning'inia juu, trekta litaacha matuta nyuma yake. La pili ni sili za ekseli na za kisanduku cha rotaveta. Trekta la topeni hufanya kazi likiwa limezama nusu gurudumu, na sili iliyochoka hupitisha maji. Fungua kizibo cha oili uangalie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia, na sili ibadilishwe kabla trekta halijaondoka hapo Shimanzi. Hilo tope ulilolikuta nyuma ya bamba lingenitia shaka mimi kabla ya kunifurahisha.

Mpenda Kamusi, Kibokoni:

Nimewafuata wote kwa makini na nashukuru, lakini neno "kuvuruga" linanikwaza. Katika Kiswahili chetu anayevuruga ni mtu mbaya: amevuruga mkutano, amevuruga ndoa ya watu, amevuruga hesabu. Je, ni adabu kumwandikia mkulima mwenye trekta lake jipya kwamba kazi yake ni kuvuruga? Nilikuwa napendekeza "kukanda tope". Sisi watu wa pwani tumekanda udongo wa kukandikia nyumba tangu zama za mababu, na ni neno safi, lenye maana ya kulifanya tope liwe laini kwa makusudi. Pia neno "jaruba" halisikiki sana Mombasa, ingawa limo kamusini na wenzetu wa Tanzania hulitumia kila siku.

Binti Mwea, Bamburi:

Kaka yangu wa Kibokoni, hoja yako nzuri, ila tope la kukandika na tope la mpunga ni vitu viwili vyenye tabia tofauti. La kukandika hukandwa kwa miguu au mikono mpaka lishikane, libaki ukutani lisidondoke. La mpunga linatakiwa lilegee kabisa, kidole kiweze kupenyeza mzizi wa mche bila kulazimisha. Ukimwambia mkulima akande tope, ataacha maji machache mno. Kuhusu ubaya wa neno, hata ugali una mwiko wake na uji una mkorogo wake, wala hatuwalaumu wapishi.

Mwalimu wa Lugha, Tudor:

Namuunga mkono Binti Mwea, nami nitaongeza kipimo kimoja kinachorudiwa mara nyingi katika maelekezo ya wakulima wa Kijapani. Wakati wa shirokaki maji yawe kidogo, kiasi kwamba ukitupa jicho jarubani uone udongo sehemu saba au nane kwa kumi, na maji sehemu mbili au tatu tu. Maji yakizidi, dereva haoni alikopita na alikobakisha, na mabua huelea badala ya kuzama. Tena jaruba lililofurika humwaga maji yake ya tope mtoni, jambo ambalo mkoa wa Shiga umekuwa ukiwahimiza wakulima wake kuliepuka, kwa kuwa mito ya huko huishia katika Ziwa Biwa, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Japani. Vanga nako, mto Umba ukitoka mashambani huishia kwenye mikoko, kwa hiyo shauri hilo halitakuwa geni huko.

Vilevile kuvuruga kupita kiasi kuna hasara. Tope likisagwa mno hukosa hewa na mizizi hupata tabu, na ndiyo maana Wajapani wengine hupanda bila kuvuruga kabisa wakaita njia hiyo mushirokaki, ile mu ya mwanzo ikiwa ni ya kukanusha. Mpenda Kamusi, hapo utaona kuwa hata wao wanajua kuwa kaku ina kucha ndani yake. Neno halikupambwa. Kuvuruga kunalifaa.

Nimefurahi pia kusikia habari za ubao wa kusawazishia. Wakati wa wanyama, Wajapani walitumia reki kubwa yenye meno iliyovutwa na farasi zaidi upande wa mashariki na ng'ombe zaidi upande wa magharibi, kisha mtu akamalizia kwa ubao wenye mpini mrefu uitwao eburi. Katika mji wa Hachinohe, mkoani Aomori, kila mwaka kuanzia tarehe 17 hadi 20 Februari, ardhi ikiwa bado imefunikwa na theluji, watu hucheza ngoma iitwayo Enburi, ambayo jina lake linatokana na ubao huo, wakiigiza kazi za shamba la mpunga na kuomba mavuno mema. Wacheza ngoma wakuu huvaa kofia ndefu zilizotengenezwa kwa mfano wa kichwa cha farasi, na huviyumbisha vichwa mpaka karibu na ardhi. Washairi wa haiku, yale mashairi mafupi ya Kijapani, nao hulihesabu neno shirokaki kuwa ni neno la msimu wa kiangazi, kwa kuwa katika kalenda yao ya kale kiangazi huanza mapema mwezi wa Mei, wakati majaruba mengi yanavurugwa.

Tena kuna jambo linalorahisisha tafsiri hii kuliko tulivyotarajia. Kiswahili kina mpunga, mchele na wali, navyo Kijapani kina ine kwa mmea, momi kwa punje yenye ganda, kome kwa mchele, na gohan kwa kilichopikwa. Lugha iliyozoea chakula hiki haichanganyi hatua zake, na kwa hiyo mkulima wetu hahitaji kufafanuliwa dunia nzima. Anahitaji aambiwe hatua ipi.

Mpenda Kamusi, Kibokoni:

Nimeridhika. Ila "tope" liwemo, ili asidhani anaambiwa avuruge kitu kingine.

Kijana wa Shimanzi:

Waungwana, nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu, Fundi na dada yetu wa Mwea. Nimemsomea ami majibu yote kwa sauti na amesema habari za farasi mweusi aitwaye mweupe atamsimulia kila mteja, atake asitake.

Jana nilifungua kizibo cha kisanduku cha rotaveta kama Fundi alivyoniagiza. Oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa hasa, tena yenye maziwa mengi. Tumekwisha kununua sili mbili na oili mpya, na ami amekubali gharama iwe juu yetu kwa sababu arubuni ilipokewa kabla hatujakagua. Yule mkulima nimempigia simu kumweleza, naye aliponisikia nikisema "kuvuruga tope" hakuniuliza maana yake. Aliniuliza tu kama mfuniko wa nyuma unashuka vizuri.

Kikaratasi nimekiandika hivi: kisanduku cha kwanza KULIMA (ARDHI KAVU), cha pili KUVURUGA TOPE (MAJI YAWEMO). Nimekifunika kwa plastiki kisilowe.

Kimebaki kisanduku cha tatu, na naona haya kidogo kurudi na swali jingine. Kimeandikwa 移動, na simu inasema ni "uhamisho". Ami anauliza kama trekta limekuwa mtumishi wa serikali.

Mwalimu wa Lugha, Tudor:

Hiyo husomwa idō, na maana yake ni kutoka mahali kwenda pengine. Mwambie ami ni gia ya safari, ya kulitoa trekta nyumbani mpaka shambani. Andika BARABARANI.

Fundi wa Changamwe:

Na chini yake uongeze kwa herufi ndogo: asiingie nayo topeni, na rotaveta iwe imezimwa na kuinuliwa.